Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kumsaidia Mtoto Aufurahie Utoto na Ayaelewe Majukumu ya Wakubwa

Majibu haya yameandikwa kwa wazazi na walezi wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbeya na Rungwe hadi Njombe na Iringa, wenye watoto wa umri wa kati ya miaka 3 na 10. Msimamo unaoyaongoza ni mmoja: mtoto aonyeshwe majukumu ya mtu mzima, aelezwe, na ashirikishwe kwa kiasi cha nguvu zake, lakini asibebeshwe.

Mwanangu wa miaka sita anasema kila siku kwamba anataka kuwa mkubwa haraka. Je, ni tatizo?

Hapana. Mtoto anayesema hivyo ameuona upande mmoja tu wa ukubwa. Anaona kwamba wakubwa hulala wanapotaka, hushika simu bila kuomba ruhusa, huamua kitakachopikwa, na hakuna anayewatuma dukani wakiwa katikati ya mchezo. Muulize kwanza ni jambo gani hasa la wakubwa analolitamani. Mara nyingi atataja jambo dogo, kama vile kuchagua nguo ya kuvaa Jumapili, kukaa sebuleni wageni wanapokuja, au kwenda mwenyewe kwa jirani kuchukua kitu. Baadhi ya hayo unaweza kumruhusu leo, na yale yasiyowezekana mweleze yanasubiri nini.

Jibu la kuepuka ni lile la kejeli: "Subiri, utakua uyaone." Wazazi tunalipenda jibu hilo kwa sababu linatupa nafasi ya kujihurumia, lakini mtoto analisikia kama tangazo kwamba mbele yake kuna adhabu. Anayesikia kila jioni malalamiko ya bei ya mbolea, michango na deni la kikoba, bila kusikia hata siku moja baba yake akifurahia ukuta alioujenga au mama yake akijivunia gunia alilovuna, hana sababu ya kuutamani ukubwa, na hata utoto wake anauishi kwa wasiwasi.

Nitamwelezaje mtoto mdogo majukumu yangu bila kumchosha wala kumtisha?

Chukua jambo moja na ulifuate naye hadi mwisho wake. Maneno ya jumla kama "maisha ni magumu" au "pesa haiokotwi" hayamfundishi mtoto wa miaka sita chochote, kwa sababu hayana mahali pa kuanzia. Tuseme umeme umekatika kwa sababu uniti zimeisha. Mwite akae karibu nawe. Mwonyeshe kwamba umetoa pesa kwenye simu, kwamba ujumbe umeingia wenye tarakimu 20 za LUKU, kisha mpe kazi ya kuzisoma moja moja kwa sauti wakati wewe unazibonyeza. Atakosea, mtarudia, na taa itakapowaka atakuwa ameelewa kwa macho yake kwamba mwanga ule ulinunuliwa. Kesho yake ukimwambia azime taa ya chumbani, atakuwa anajua anachoambiwa.

Mtoto wa mkulima ana bahati ambayo wazazi wengi hawaioni, kwa kuwa jukumu la kwao linaonekana tangu mwanzo hadi mwisho. Viazi mviringo huchukua takribani miezi 3 hadi 4 tangu kupandwa hadi kuvunwa, muda ambao akili ya mtoto wa chekechea haiwezi kuushika kwa hesabu ya siku. Ufungamanishe na mambo anayoyajua: tulipanda kabla ya Krismasi, tutavuna Pasaka ikikaribia. Mpe matuta mawili ayaite yake. Ayaone yakiota, yakipaliliwa, yakishambuliwa na ukungu kwa ajili ya mvua nyingi, na siku ya kuuza awepo pale gunia linapofungwa na bei inapopatanwa. Baadaye, unaponunua sweta la shule, mkumbushe kwamba sweta hilo limetoka kwenye lile gunia.

Mama anayeuza nyanya katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, anaweza kufanya vivyo hivyo asubuhi moja ya likizo. Mtoto aone bei ya kununulia na bei ya kuuzia, aone ushuru ukilipwa, na aone kile kinacholala jioni bila mnunuzi. Ni mtoto wa mwajiriwa anayehitaji msaada zaidi, jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi ya wasomaji. Mtoto huyu anamwona baba akitoka asubuhi akiwa safi na kurudi jioni akiwa safi, na pesa anaiona ikitoka kwenye simu kana kwamba inaota humo. Mweleze ulichokifanya siku hiyo kwa sentensi mbili tatu zenye watu ndani yake: nani alikuja, alikuwa na shida gani, nawe ulimsaidiaje.

Kazi gani za nyumbani zinamfaa mtoto wa umri gani?

Hakuna jedwali litakalofaa nyumba zote, ila miili ya watoto ina mipaka ambayo haibadiliki kwa sababu nyumba ina kazi nyingi. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, nao ndio uzito wa kawaida wa mtoto mwenyewe wa miaka sita. Anayemtwika ndoo hiyo na kumpandisha nayo mlima wa Tukuyu anamtwika mtoto mwingine kichwani. Kidumu cha lita 3 kinamtosha, na akifika miaka tisa au kumi anaweza kubeba cha lita 5 bila kulemewa.

Mtoto wa miaka mitatu au minne hupenda kuiga kuliko kusaidia, na kumwacha aige ndiko kumfundisha. Apewe kijifagio chake, apeleke vijiko mezani, amwagie kuku punje za mahindi. Kazi yake itakuwa mbovu, na wewe utairudia akiwa amelala. Akiwa na miaka mitano hadi saba, ile ya shule ya awali na darasa la kwanza, mpe kazi moja ambayo ni yake kweli, yaani asipoifanya inaonekana haijafanywa: kukusanya mayai, kupanga viatu vya nyumba nzima mlangoni, kuanua nguo mawingu yanapotanda, jambo ambalo kwetu hutokea karibu kila alasiri ya masika. Kuanzia miaka minane anaweza kuosha vyombo vyake, kufua soksi zake, kuchambua maharage, na kutumwa dukani akarudi na chenji iliyohesabiwa.

Moto ni suala la peke yake. Baridi ya Juni na Julai huwasogeza watoto jikoni, na ndipo wengi huungua kwa maji ya moto na uji. Mtoto mdogo asiachwe kuwa msimamizi wa jiko, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto huku milango na madirisha yamefungwa, kwa kuwa hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Hilo ni jukumu la mkubwa lisilokabidhiwa kwa mtu mwingine.

Kazi ya shamba wakati wa msimu ni malezi au ni kumtumikisha mtoto?

Inaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, ndani ya shamba lilelile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa ni mtoto, na inamtaka mtoto awaheshimu wazazi na walezi wake na kuwasaidia panapohitajika. Kwa hiyo anayedai kwamba sheria imekataza mtoto kufagia uwanja au kupalilia bustani hajaisoma. Kilichokatazwa ni kazi ya kinyonyaji, ile inayodhuru afya, elimu au makuzi yake. Kuajiriwa kumewekewa umri wa chini wa miaka 14, tena kwa kazi nyepesi tu, na hairuhusiwi kumwajiri mtoto kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Mfano mgumu zaidi katika mikoa yetu ni kuamia ndege kwenye mpunga wa Kyela na Mbarali. Kwa mtazamaji inaonekana kazi nyepesi, kwani mtoto amesimama tu na kopo lake akipiga kelele. Lakini ndege hutua alfajiri, hurudi jioni, na hawajui siku ya mtihani. Mtoto anayeamia Jumamosi pamoja na shangazi yake anajifunza kwamba ubwabwa una gharama. Anayeamia wiki tatu mfululizo peke yake huku wenzake wako darasani ananyang'anywa kitu ambacho mavuno hayatakirudisha. Tofauti ni hiyo: je, kazi imemlia muda wa shule? Je, mwili wake unaiweza? Je, akisema amechoka kuna mtu atakayemsikia? Kuhusu pampu ya dawa ya viazi au nyanya hakuna mjadala. Mtoto asiibebe, asichanganye dawa, na asicheze na makopo yake matupu.

Wazee wetu hawakuwa na vitabu vya malezi. Wao walifanyaje?

Walikuwa na hatua, na kila hatua ilijulikana na wote. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe miaka ya 1930, walieleza jinsi mvulana alivyoanza kuchunga ng'ombe wa baba yake akiwa na miaka kama sita pamoja na wenzake. Alipofika miaka kumi au kumi na mmoja aliwaachia wadogo zake uchungaji, akaanza kulima shamba la baba, na akahamia kulala katika kijiji kipya kilichoanzishwa na wavulana wa rika lake kandokando ya kijiji cha wazazi. Hata hivyo chakula aliendelea kula kwa mama. Vijana hao walizunguka kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kuoa kulikuja baadaye sana, kwa ng'ombe wa ukoo.

Yapo mengi katika utaratibu huo ambayo hakuna mzazi wa leo atakayeyarudisha, na ni haki. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba hakuna aliyeupata ukubwa wote kwa siku moja. Mtoto alipewa jukumu, akakaa nalo miaka, akalikabidhi kwa mdogo wake, kisha akapewa jingine, na muda wote huo alikuwa na wenzake wa kucheza nao na mahali pa kula bila kuulizwa ameleta nini. Familia ya leo inayoishi Uyole, Mafinga mjini au Makambako inaweza kuuiga mpango huo kwa udogo wake: anapoingia darasa la tatu, kazi ya kukusanya mayai akabidhiwe mdogo wake mbele ya watu wote wa nyumba, naye apewe kazi mpya. Watoto huchukulia makabidhiano hayo kwa uzito mkubwa.

Michezo si kupoteza muda? Mbona wengine wanajua kusoma wakiwa na miaka minne?

Keti pembeni uwatazame watoto wanaojipikilisha nyuma ya nyumba. Kuna mmoja ni mama, mmoja ni baba aliyetoka kazini, mmoja ni mtoto mgonjwa, na mmoja ni daktari mwenye sindano ya kijiti. Wanagawa majani ya mgomba yawe sahani, wanabishana nani ale kwanza, "baba" anaambiwa hajaacha hela ya mboga, naye anajitetea. Hayo yote ni majukumu ya watu wazima, yakifanyiwa majaribio mahali ambapo kosa halimuumizi mtu. Mtoto atakayekatishwa mchezo huo ili aimbe alfabeti kwa mara ya kumi siku hiyo amepata kidogo na kupoteza kingi. Ukiwa na ujasiri wa kusikiliza, utasikia pia sauti yako mwenyewe ikiigizwa, na si mara zote utaipenda.

Kombolela humfundisha kusubiri zamu na kukubali kukamatwa. Mdako humfundisha hesabu za mkono na jicho. Rede humzoesha kutoka mchezoni bila kununa. Haki ya mtoto kupumzika na kucheza imeandikwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na katika Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990. Mkataba huu wa Afrika unataja pia wajibu wa mtoto kwa familia yake, hivyo anayetaka kuutumia kutetea upande mmoja tu atakwama.

Binti yangu wa miaka minane ndiye anayebaki na mdogo wake mimi nikiwa shambani. Je, ni vibaya?

Kumbembeleza mdogo wake, kumwimbia na kucheza naye wakati mama anapika ni jambo zuri kwa wote wawili. Kumwachia mlo, choo, homa na usalama wa mtoto mchanga tangu asubuhi hadi jioni ni kumpa kazi ya umama, na kazi hiyo haiwezi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 57 hivi ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine yote, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 30. Mkoa huo unavuna mahindi, maharage na viazi kwa wingi. Sababu za udumavu ni nyingi, lakini mojawapo tunaiona wenyewe: mama anashinda shambani msimu mzima, na mtoto mdogo anakula kile ambacho dada yake wa miaka minane ameweza kukikoroga.

Ikiwezekana, akina mama wanaolima mashamba jirani wapeane zamu ya kubaki na watoto, au bibi apelekewe wote wawili, mlezi na mlelewa, ili binti naye apate kuwa mtoto. Pasipowezekana, uji uandaliwe kabla ya kuondoka, jirani mtu mzima ajulishwe kwa jina, na muda wa kuachwa ufupishwe. Na unaporudi, mwambie binti akacheze. Usimpokee na orodha nyingine.

Je, nimwambie mtoto ukweli kuhusu shida za pesa?

Ndiyo, kwa kipimo. Mtoto hugundua shida hata asipoambiwa, na asipoambiwa hudhani kosa ni lake. Mwambie kinachomhusu na kile ambacho mkubwa anakifanya kukishughulikia: "Mwezi huu hatutanunua viatu vipya, vya zamani nimevipeleka kwa fundi, na baada ya mavuno tutanunua." Sentensi hiyo ina ukweli, ina mpango, na ina mtu mzima aliyeshika usukani. Kinachomuumiza ni kufanywa msiri wa mama dhidi ya baba, kutumwa akamwambie mwenye duka kwamba mama hayupo, au kuulizwa tufanye nini. Januari, ambapo sare, madaftari na palizi hukutana, ni mwezi wa kuchunga ulimi.

Nimlipe anapofanya kazi za nyumbani?

Kwa maoni yangu, hapana. Nyumba si kibarua. Akifanya kazi ya ziada ambayo ungemlipa mtu mwingine, mpe kitu kidogo na umwonyeshe namna ya kukitunza.

Kaka zake binti yangu hucheza mpira wakati yeye anaosha vyombo. Ndivyo tulivyokuta. Je, kuna haja ya kubadilisha?

Ipo. Msichana anayeona kwamba utoto wa kaka yake ni mrefu kuliko wake anajifunza kuuchukia wake mapema, na mvulana asiyejua kuosha sufuria atafika chuoni Mbeya au Iringa akiwa mzigo kwa wenzake wa chumba kimoja. Anzeni kwa zamu: Jumatatu huyu, Jumanne yule, na saa ya mchezo iwe moja kwa wote.

Ndugu wa Dar es Salaam anamwomba binti wa miaka kumi na miwili akakae naye "amsaidie kazi ndogondogo". Nifanyeje?

Mkatalie. Mikoa yetu, na hasa Iringa na Njombe, imetoa mabinti wengi wa kazi za ndani, kiasi kwamba watu wa mijini wamezoea kuulizana kama wanaweza "kuletewa wa Iringa." Binti wa umri huo anatakiwa awe shule ya msingi, ambayo ni lazima kisheria na ambayo katika shule za serikali haitozwi ada. Yuko chini ya umri wa kuajiriwa, hata anayemchukua akimwita mwanangu. Ahadi ya kumsomesha huko isikufanye umpandishe basi; mwenye nia hiyo anaweza kulipia madaftari na sare akiwa nyumbani.

Mjukuu wangu ni yatima, na amekuwa mtu mzima kabla ya wakati. Hata kucheza hataki. Nimsaidieje?

Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya Virusi vya UKIMWI, na bibi wengi wamerudi kwenye ulezi wakati ambao wao ndio walistahili kulelewa. Mtoto aliyemuuguza mzazi huendelea kulinda: anamhesabia bibi dawa, analala kwa macho, anakataa kwenda mbali. Usimkaripie wala usimsifu mbele ya wageni kwamba "huyu ni mtu mzima kabisa," kwa sababu sifa hiyo humfunga. Mwambie wazi nani atafanya nini: "Dawa zangu atanikumbusha shangazi yako. Kuni ataleta mjomba Jumamosi. Wewe nenda kacheze, ukirudi utanikuta." Kisha ahadi hiyo itimizwe, kwani maneno matupu yatamrudisha kwenye lindo. Itachukua muda. Mwalimu wake aelezwe pia, ili asimdhanie mvivu anaposinzia darasani.

Nikiona mtoto wa jirani anabebeshwa mambo yasiyo ya umri wake, niende wapi?

Anza na mazungumzo ikiwa kuna uelewano, kwa kuwa mara nyingi mzazi amelemewa tu na atashukuru kupata mtu wa kumshikia mtoto siku mbili tatu. Ikiwa mtoto anapigwa, haendi shule, au amefichwa kazini, mwone mtendaji wa kijiji au mtaa, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Unaweza pia kupiga namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto na haina malipo. Huhitaji kuwa na ushahidi mkononi. Eleza ulichokiona, mahali alipo mtoto, na saa ambazo huwa yuko peke yake.